Je, wajua kwa nini kijiji cha Most na Soči kilipoteza jina la mtakatifu wake?

Most na Soči ni kijiji kidogo magharibi mwa Slovenia, pale mto Idrijca unapomwaga maji yake kwenye Soča, na maana ya jina ni daraja la mto Soča, basi. Ila kanisa la pale ni la Mtakatifu Lucija, na hapo ndo utata unapoanzia, maana zamani kijiji chenyewe kilikuwa kinaitwa Sveta Lucija, kwa jina la huyohuyo mtakatifu.

Reli ya Bohinj inapita hapo mwaka 1906, enzi za Austria-Hungaria, kijiji bado ni cha Lucija. Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, mapigano ya bonde la Soča yakaua watu wengi mno, kisha mkataba wa Rapallo wa 1920 ukaipa Italia eneo lote lile, na Waitaliano wakaandika Santa Lucia d'Isonzo (Isonzo ni Soča kwa Kiitaliano). Yaani dola imeondoka, lugha ya ofisini imebadilika, Lucija yupo tu!

Aliyemtoa ni nani sasa? Mwaka 1947 eneo likawa la Yugoslavia, mwaka uliofuata Slovenia ikapata sheria ya majina ya makazi, mitaa na majengo, na serikali ya kikomunisti ikaitumia kufuta majina ya kidini kwenye ramani, vijiji vingi sana viliguswa, na miaka ya 1950 zamu ya Sveta Lucija ikafika. Mimi naona waliumizwa bure, jina la kijiji ni mali ya wanaoishi pale.

Na hilo daraja lenyewe, siku hizi chini yake kuna ziwa, kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1930 Waitaliano walijenga bwawa la umeme kule Doblar na maji yakapanda.

Wenzao wa Sveti Jurij ob Ščavnici, kijiji kingine cha Slovenia kilichofutiwa jina la mtakatifu wake na kubatizwa Videm, walirudishiwa jina lao miaka ya 1990. Most na Soči imebaki hivyohivyo. Ila waakiolojia hawajamwacha Lucija: karne ya 19 Carlo Marchesetti wa Trieste na Josef Szombathy wa Vienna walifukua hapo maelfu ya makaburi ya Zama za Chuma, na utamaduni wa watu wale wa kale mpaka leo wanauita wa Sveta Lucija.