Gazeti la 1827 laweza kuwa zima kuliko la 1942

Huku kwetu gazeti la juzi hufungia karanga, na kabla halijamfikia muuza karanga limeshatandikwa kabatini au limefutia kioo cha dirisha. Labda ndiyo maana tukisikia kwamba magazeti ya Wamarekani Weusi ya karne mbili zilizopita yanahifadhiwa, tunadhani kazi yenyewe ni kuyapanga rafuni na kuyapiga picha, basi. Nianze na dhana ninayoipenda zaidi, maana hata watu wa habari wenzangu huiamini bila kusita.

"Gazeti likizidi uzee ndivyo linavyozidi kuoza."

Freedom's Journal, gazeti la kwanza kumilikiwa na kuendeshwa na Wamarekani Weusi, lilitoka New York tarehe 16 Machi 1827. Samuel Cornish na John Russwurm walilichapa kwenye karatasi ya zama zao, iliyotokana na matambara ya pamba na kitani. Karatasi hiyo ni sugu. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1870, wachapaji walihamia karatasi ya mbao iliyosagwa: bei nafuu, lakini asidi imo ndani yake tangu kiwandani. Hugeuka rangi ya chai, kisha ukiikunja inakatika kama chapati iliyolala. Kwa hiyo gazeti jingine la Weusi, Pittsburgh Courier la 1942, mwaka lilipoanzisha kampeni yake ya ushindi wa aina mbili, dhidi ya ufashisti ng'ambo na dhidi ya ubaguzi nyumbani, laweza kuwa hoi kuliko babu yake wa 1827.

"Lililosomwa sana ndilo lililobaki kwa wingi."

Mara nyingi ni kinyume chake. Chicago Defender, alilolianzisha Robert Abbott mwaka 1905, lilisafirishwa hadi majimbo ya Kusini na wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala ya treni, ya kampuni ya Pullman. Huko lilipita mkono kwa mkono, likasomwa kwa sauti vinyozini na makanisani, hadi likachakaa. Negro World la Marcus Garvey, Mjamaika aliyehubiri umoja wa Weusi duniani, lilivuka bahari ingawa makoloni kadhaa yaliliharamisha. Jomo Kenyatta alimsimulia C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad, kwamba mwaka 1921 wazalendo wa Kenya wasiojua kusoma walikuwa wakimzunguka msomaji mmoja, wanasikiliza makala mara mbili tatu, kisha wanatawanyika msituni kila mtu na njia yake kwenda kuwasimulia wengine. Gazeti la namna hiyo lilitunzwa vichwani mwa watu. Karatasi yenyewe nani angethubutu kukutwa nayo?

"Yaliyopotea yalipotea kwa uzembe."

Uzembe upo, sikatai. Lakini Mei 1892 kundi la wazungu lilivunja ofisi ya gazeti la Free Speech mjini Memphis, baada ya mhariri wake, Ida B. Wells, kuandika dhidi ya mauaji ya watu Weusi yaliyofanywa na magenge bila kesi wala hukumu. Mengi tunayoyajua leo kuhusu maandishi yake humo yamebaki kwa sababu magazeti mengine yaliyanukuu, yakiwemo ya maadui zake. Tarehe 10 Novemba 1898, Wilmington, North Carolina, ofisi ya Daily Record la Alexander Manly ilichomwa moto. Nakala zake chache zilizosalia zilitafutwa karne moja baadaye na watu waliojitolea, pamoja na wanafunzi wa shule za mji huohuo. Mwaka 1921, magenge ya wazungu yalipoteketeza mtaa wa Weusi mjini Tulsa, Oklahoma, na kuua watu, ikawa zamu ya Tulsa Star la A. J. Smitherman. Hayo hayakusahauliwa stoo, yalilengwa.

"Mikrofilamu, yaani filamu ya picha ndogondogo za kurasa, inaonyesha gazeti kama lilivyokuwa."

Inaonyesha kile kilichowekwa mbele ya kamera siku ile. Katika miaka ya 1940, Armistead Pride, mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Missouri, alishiriki mradi mkubwa wa kuyapiga picha magazeti ya Weusi. Bila kazi hiyo tungekuwa maskini zaidi, ila hakuna awezaye kupiga picha ya toleo lisilopatikana. Mfano mbaya kuliko yote unatoka kwenye gazeti la wazungu, Tulsa Tribune la 31 Mei 1921. Habari ya ukurasa wa kwanza inayotajwa kuwa ilichochea mauaji ya Tulsa ilikuwa imeshachanwa kabla ya kupigwa picha, pamoja na sehemu ya ukurasa wa maoni. Filamu imehifadhi tundu kwa uaminifu mkubwa.

Na hili la kwamba siku hizi "yote yapo mtandaoni" ndilo linaloniudhi. Google ilisimamisha kuskani magazeti ya zamani mwaka 2011. Makusanyo mengi yako nyuma ya malipo, na mlango wake ni kadi ya maktaba ya chuo. Hakimiliki nayo: Marekani gazeti hulindwa hadi miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo uzee peke yake hauliachilii. Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chenye hazina ya majina zaidi ya 2,000 ya magazeti ya Weusi, mengine ya Afrika na Karibi, kilipata dola milioni 2 mwaka 2022 ili kuyaweka katika dijitali. Ni pesa nyingi mpaka uanze kuhesabu kurasa.

Kisha hata lililokwisha kuskaniwa si lazima lionekane. Kompyuta inasoma wino uliofifia vibaya, na jina likikosewa herufi moja, utafutaji hauleti kitu. Christian Recorder la Philadelphia lilichapisha matangazo ya watu waliotoka utumwani wakitafuta mama, watoto, ndugu waliouzwa mbali. Aliyeuzwa akiwa mdogo alilikumbuka jina la bwana aliyemmiliki mama yake kwa kulisikia tu, wala hakujua lilivyoandikwa. Ndiyo maana matangazo hayo husomwa na watu, moja baada ya jingine, wakiyanakili kwa mkono majina, wilaya na mwaka ambao mama alionekana mara ya mwisho.