Street Dancer 3D: filamu ya dansi iliyotuficha miguu

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka kumi na saba, alikuja darasani na simu mkononi akitaka tujifunze kipande cha "Illegal Weapon 2.0", ule mpambano wa makundi mawili ndani ya Street Dancer 3D. Nikaona kazi nyepesi. Nafundisha dansi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi sasa, na nusu ya stepu ninazozijua nilizichota kwenye picha za Kihindi, enzi za kurudisha mkanda nyuma mpaka deki itafune utepe.

Tukaegemeza simu kwenye stuli, tukapunguza kasi, tukaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, na hapo picha ikahamia usoni kwa steringi. Tukarudi nyuma, tukaitafuta nne kwa mtu aliyesimama pembeni. Pembeni nako kulikuwa kumekatwa kiunoni. Tukasogea mbele, tukakuta watazamaji wanapiga kelele. Baada ya dakika arobaini tulikuwa na vipande vya stepu, mkono hapa na bega pale, lakini hatukuwa na hesabu ya nane, yaani fungu la mapigo manane, hata moja iliyokamilika. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, kwani miguu wameificha kwa nini?"

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima, ndiyo maana naandika.

Kwa asiyeiona: filamu ilitoka tarehe 24 Januari 2020, na mwongozaji wake ni Remo D'Souza, mtu aliyeishi kwa dansi kabla ya kushika uongozaji. Alishatengeneza ABCD mwaka 2013 na ABCD 2 mwaka 2015, kwa hiyo hii ni filamu yake ya tatu ya dansi. Hadithi iko London. Varun Dhawan ni Sahej, kiongozi wa kundi la vijana wa Kihindi. Shraddha Kapoor ni Inayat, kiongozi wa kundi la vijana wa Kipakistani. Wanagombana mitaani, wanagombana mgahawani wakitazama kriketi, na wote wanalilia shindano moja liitwalo Ground Zero. Mwenye mgahawa ni Prabhu Deva, na jikoni kwake ndiko wanakolishwa wahamiaji wasio na vibali. Niliitazama ukumbini na miwani ya 3D usoni mwaka ule ule ilipotoka. Nilitoka nimechoka macho na nina njaa ya dansi, ingawa kwa saa mbili na ushei watu walikuwa wanacheza mbele yangu.

Ngoja nieleze kitaalamu kilichotokea.

Stepu ya dansi ina sehemu tatu. Kuna maandalizi, pale mchezaji anapokunja goti na kuhamisha uzito. Kuna tendo lenyewe. Halafu kuna kutua, uzito unaporudi ardhini na mwili kupokea ngoma inayofuata. Jicho la mtazamaji husoma zote tatu bila mwenyewe kujua. Ukiona mtu amekunja goti, mwili wako uliokaa kitini tayari umeanza kuruka naye, na akitua unashusha pumzi. Raha yote ya kutazama dansi imelala hapo, kwenye kumsindikiza mtu kutoka ardhini mpaka ardhini.

Mhariri akikata picha katikati ya tendo, anakupa ruko bila kutua. Akikata tena, anakupa kutua kwa mtu mwingine ambaye hukumwona akiruka. Ukirudia hivyo kwa dakika nne, mwili wa mtazamaji unakata tamaa na kuacha kusindikiza. Unabaki na mwanga, moshi, jasho linalong'aa na besi. Unaweza kusisimka, lakini msisimko huo ni ule wa kutazama fataki, na fataki haihitaji mtu aliyefanya mazoezi miaka kumi.

Hili si jambo jipya. Fred Astaire, dansa na mwigizaji wa Hollywood ya miaka ya 1930, alishikilia kwamba anapocheza kamera imwonyeshe mwili mzima, kichwa mpaka viatu, na mikato iwe michache. Alijua kwamba mtazamaji akishaanza kushuku kuna kilichofichwa, hamwamini tena. Mashabiki wa picha za Kihindi nao wameonja vizuri. Kumbuka "Chaiyya Chaiyya" ya mwaka 1998, mpanga dansi Farah Khan alivyowapanga watu juu ya behewa la treni inayotembea milimani, na unaona kundi zima linavyoyumba pamoja na reli. Kumbuka mwigizaji Madhuri Dixit akiwa na mpanga dansi Saroj Khan kwenye "Ek Do Teen" mwaka 1988, wimbo uliofanya Filmfare, tuzo za filamu za India, zianzishe kipengele cha wapanga dansi. Mabinti waliweza kuujifunza ule wimbo sebuleni kwa sababu stepu zilikuwa zinaonekana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Remo alikuwa na watu. Dharmesh Yelande, Punit Pathak, Salman Yusuff Khan na Raghav Juyal wote wametoka kwenye Dance India Dance, shindano la televisheni ambalo Remo mwenyewe alikaa kwenye meza ya majaji. Hawa si waigizaji waliofundishwa stepu miezi mitatu. Ni madansa. Lakini kila wimbo ukifika kileleni, kamera inakimbilia kwa Varun na Shraddha, na wale wanasukumwa nyuma kuwa pambo. Varun anajituma, sitamnyima haki yake, na Shraddha pia. Ila kujituma kwa mtu aliyejifunza juzi kunahitaji mikato ili kuficha mapengo, na mikato hiyo hiyo ndiyo inayommeza yule ambaye hana pengo la kuficha.

Mchukue Raghav. Jina lake lilikua India nzima kwa kutembea slomo, yaani mwili wa kawaida, mbele ya kamera ya kawaida, na anasogea kana kwamba amepunguzwa kasi. Jaribu hapo ulipo. Inua mguu mmoja polepole kabisa, bila kutikisika, huku shati lako likipepea kwa kasi yake ya kawaida. Paja litawaka moto kabla hujafika nusu, kifundo cha mguu wa chini kitaanza kutetemeka, na uso utakusaliti. Yeye anafanya hivyo akiwa ametulia kama yuko ndani ya maji. Sasa weka mtu huyo kwenye filamu ambayo kila baada ya muda kamera inapunguza kasi kwa mashine, kwa kila mtu, anayejua na asiyejua. Umeufuta ufundi wake. Mtazamaji hawezi tena kutofautisha misuli na kitufe.

Kuna sehemu moja filamu inapumua, na kila mtu niliyezungumza naye anaitaja hiyo hiyo. Ni Prabhu Deva anapocheza "Muqabla". Wimbo asili ni wa A. R. Rahman, wa filamu ya Kitamil Kadhalan ya mwaka 1994, ile yenye kofia, glavu na viatu vinavyocheza vyenyewe bila mwili. Filamu inapotoka, Prabhu Deva ana miaka 46. Anaingia na mabega yameshuka, kama mpishi aliyeitwa kutoka jikoni, halafu kifua kinakwenda upande mmoja na nyonga upande mwingine, magoti yakiwa laini kama yametiwa mafuta. Kwa muda mfupi kamera inakuwa na adabu, inasimama mbali na kumwacha. Ukumbi niliokuwemo watu walipiga makofi hapo, na sikumbuki makofi mengine usiku ule. Bila shaka watengenezaji waliliona hilo kwenye chumba cha uhariri, wakajua kwamba mwili mmoja ukiachwa unatosha, halafu wakarudi kukatakata.

Kuhusu hiyo 3D. Macho mawili yanaona picha mbili kutoka sehemu zinazotofautiana kidogo, na ubongo unaziunganisha kupata kina. Kila mkato unabadilisha kina, kwa hiyo macho yanahitaji muda kidogo wa kujipanga upya. Mikato ya haraka na 3D ni maadui wa asili. Mwongozaji wa Kijerumani Wim Wenders alilielewa hili mwaka 2011 alipotengeneza Pina, filamu kuhusu kazi za mpanga dansi Pina Bausch na kundi lake la Wuppertal, Ujerumani. Aliacha picha zikae, ukaona nafasi kati ya mchezaji wa mbele na wa nyuma, ukahisi kama uko jukwaani nao. Katika Street Dancer 3D kina kinatumika zaidi kurushia watazamaji vitu usoni. Nafasi kati ya miili, ambayo ndiyo mali ya mpanga dansi, haina thamani yoyote.

Nyimbo nitazipitia haraka. "Muqabla" ni ya zamani iliyochemshwa upya. "Illegal Weapon 2.0" jina lenyewe linajieleza. "Lagdi Lahore Di" inatoka kwa Guru Randhawa, "Bezubaan" imetoka kwenye ABCD ya kwanza. Kuchemsha upya si dhambi, lakini filamu inayosifia ubunifu wa mtaani ilipaswa kutuachia mdundo wake yenyewe.

Sasa hadithi, maana hapa ndipo filamu ilikuwa na dhahabu mkononi. Sahej ana siri. Aliwaingiza Uingereza kwa njia ya panya vijana wapiga dhol, ngoma ya asili, kutoka Punjab, akachukua pesa zao, na wao wakaishia kulala nje kwenye baridi ya London. Pesa ile ndiyo iliyofungua studio anayochezea. Fikiria uzito huo: kila anapokanyaga sakafu yake ya mazoezi, anakanyaga jasho la wenzake. Mpanga dansi yeyote akipewa jambo hilo hawezi kulala. Mtu mwenye hatia kama hiyo anachezaje? Je, anakwepa kugusa sakafu? Anachelewa nusu hesabu akisikia dhol? Filamu inatueleza hatia yake kwa maneno na machozi, halafu muziki ukianza anacheza vile vile alivyocheza mwanzo, na tabasamu lile lile. Hata anapowaacha wenzake na kujiunga na kundi la Waingereza, kisha kurudi, mwili wake haubadiliki. Ungezima sauti usingejua yuko sehemu gani ya hadithi.

Na dhol! Ngoma ile ina nyuso mbili na fimbo mbili, nene ya upande wa besi na nyembamba ya upande wa sauti ya juu. Bhangra inayochezwa nayo ni dansi ya wakulima wa Punjab, mabega yanaruka, magoti yanadunda, mikono iko juu. Punjab hiyo iligawanywa mwaka 1947, kipande kikabaki India na kingine Pakistani, na dhol inapigwa pande zote mbili za mpaka mpaka leo. Kwa hiyo makundi mawili yanayogombana kuhusu kriketi yalikuwa na dansi moja ya mababu tangu mwanzo. Hadithi nzima ya upatanisho ingeweza kufanyika bila hotuba: Mhindi anaanza stepu, Mpakistani anaimalizia kwa sababu alifundishwa na babu yake. Badala yake upatanisho unakuja kwa mazungumzo mazito, na kwenye orodha ya nyimbo kuna "Mile Sur", kutoka ule wimbo wa umoja wa kitaifa uliorushwa na televisheni ya taifa ya India mwaka 1988. Ni wimbo mzuri sana, lakini ni wimbo wa India. Yule kijana wa Kipakistani wa London anauchukuaje kuwa wake?

Wapo watakaoniambia, "Mwalimu, hii ni burudani, ya kung'aa, usiichambue kama mtihani." Sina ugomvi na kung'aa. Itazame RRR ya mwaka 2022, filamu ya Kitelugu, na wimbo wake "Naatu Naatu" uliopangwa na Prem Rakshith mbele ya ikulu ya Kyiv, Ukraine. Hakuna kitu kinachong'aa kuliko ule. Una mikato pia, na vumbi, na mbwembwe zote. Lakini stepu kuu inapofika, wahusika wakuu wawili, Ram na Bheem, wanasimama mbele yako mwili mzima, mkono begani kwa mwenzake, na miguu minne inakwenda kama imefungwa kamba moja. Halafu wimbo unageuka kuwa shindano la pumzi, watu wanaanguka mmoja mmoja, na mwisho Ram anajiangusha makusudi ili rafiki yake Bheem ashinde. Kuanguka huko ni dansi, na ni hadithi, kwa wakati mmoja. Dunia nzima iliujifunza, watoto wa hapa mtaani kwetu wakiwemo, na Machi 2023 ulichukua Oscar ya wimbo bora.

Juzi darasani tuliachana na "Illegal Weapon 2.0". Nilimwambia yule kijana ajaze mapengo mwenyewe, atunge hesabu ambazo filamu haikutuonyesha, halafu nikaiweka simu kwenye stuli ile ile, mbali kiasi cha viatu vyake kuonekana, nikabonyeza kurekodi bila kuigusa tena. Alicheza sekunde arobaini. Tulipotazama, akakunja uso kwenye hesabu ya sita. "Mguu wa kushoto unachelewa," akasema. Akavuta kamba za raba, akarudi katikati ya chumba, akaniomba niwashe tena.