Limau halina hatia

Juzi ndani ya matatu ya Umoja, mchuuzi alitutolea maji ya alkali (kinyume cha asidi): eti saratani hupenda asidi, basi tuache limau. Mambo kayageuza miguu juu. Pehashi ya damu (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) hubaki 7.35 hadi 7.45, ule limau usile. Mapafu na figo havilali. Asidi ya uvimbe wa saratani hutengenezwa na seli zake zenyewe: huvunja glukosi kwa pupa, zikamwaga asidi ya laktiki, pehashi ikashuka hadi karibu 6.5. Seli huihisi kwa vipokezi vya utando wao, na utendaji wa jeni za inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili) hubadilika. Katika saratani ya kongosho, kwa mfano, jeni ya IL-8, protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli, huweza kuamka, ikaita chembe nyeupe za damu na kuchochea mishipa mipya ya damu. Jeni nyingine hunyamaza. Chupa ya yule mchuuzi (ghali, jamani!) huishia tumboni, penye asidi kali zaidi.