Kikwazo si marufuku: safari ya Kuba kwa kupitia Nassau

Binamu yangu ni muuguzi huko Minneapolis, na ana kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu. Alinipigia simu juzi akiwa na furaha ya mtu aliyepata njia ya mkato. "Kaka, Kuba kuna vikwazo vya Marekani, lakini wenzangu wamenielekeza. Unakwenda Nassau, kule Bahamas, kama mtalii wa kawaida, unaunganisha ndege, unaingia Havana. Vikwazo vinaishia Miami." Wiki hiyohiyo nilimsikia mtu mzima, msomi, akisema kwamba Burundi "imewekewa vikwazo vya safari" na Marekani. Neno moja, makosa mawili tofauti, na yote mawili yanaweza kumgharimu mtu fedha au safari. Nimeona niandike.

Maana kwanza, kwa haraka. Vikwazo ni hatua ambazo nchi moja, au nchi kadhaa kwa pamoja, huchukua ili kuibana nchi nyingine au wakubwa wake: kukata biashara, kufunga akaunti za benki, kukataza silaha au mafuta. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza tunapoliita kila katazo la serikali kikwazo.

Litazameni neno lenyewe. Mzizi wake ni -kwaa. Mtu hujikwaa kwenye jiwe au kisiki, akamkwaza mwenzake kwa maneno, na kile kinachomfanya mguu usite ndicho kikwazo. Jiwe liko njiani, lakini njia ipo. Utalizunguka, utalivuka polepole, au utaumia kidole na kuendelea. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, na methali hiyo isingekuwa na maana kama kikwazo kingekuwa ukuta. Marufuku ni jambo jingine. Kilichopigwa marufuku kimefungiwa mlango, hata ukitembea polepole namna gani. Kiswahili kilikwisha kututenganishia mambo haya mawili kabla hatujasikia habari za Umoja wa Mataifa, na sisi tunayarudisha kwenye kapu moja.

Kwa Kuba tofauti hiyo ndiyo kiini chote. Rais Kennedy alikata karibu biashara yote na kisiwa kile Februari 1962. Wamarekani huliita jambo hilo "embargo", neno la Kihispania linalotokana na kuzuia na kukamata mali. Wakuba wenyewe, wenye Kihispania chao, hawapendi neno hilo. Wao husema "bloqueo", yaani kuzingirwa, kwa sababu wanaona Marekani haiishii kujizuia yenyewe bali inawabana hata wengine wanaotaka kufanya biashara nao. Kila upande umechagua neno lake kwa makusudi. Tena Oktoba mwaka huohuo, manowari za Marekani zilipokizunguka kisiwa kweli kwa ajili ya makombora ya Kisovieti, Kennedy alikwepa kabisa neno la kuzingira, kwa kuwa kuzingira nchi kwa manowari ni kitendo cha vita katika sheria za kimataifa. Alisema "karantini". Ni karantini hiihii tunayowawekea ng'ombe wenye homa ya mapafu, neno lililozaliwa Venice likiwa na maana ya siku 40 za meli kukaa nje ya bandari kwa hofu ya tauni. Wakati dunia imeshikilia pumzi, mtu aliketi akachagua neno, na uchaguzi ule ulikuwa na uzito. Ndiyo maana nakereka tunapoyachanganya haya kana kwamba hayana tofauti.

Sasa safari. Zamani Marekani iliwazuia raia wake kwa pasipoti: pasipoti ya kawaida haikuhalalisha safari ya Kuba, na Mahakama ya Juu ilikubaliana na serikali mwaka 1965 katika kesi ya Zemel dhidi ya Rusk, ambapo raia mmoja alitaka tu kwenda kujionea hali ya nchi ile. Hiyo ilikuwa marufuku ya safari, kwa jina na kwa tendo. Rais Carter aliiacha ife mwaka 1977. Rais Reagan alipobana tena mwaka 1982 hakuigusa pasipoti. Alishika pochi. Kanuni zilizopo, ambazo shina lake ni la Julai 1963 chini ya Sheria ya Biashara na Adui ya mwaka 1917, zinamdhibiti mtu katika kutumia fedha: kulipia chumba, chakula, teksi, kununua chochote cha Kuba. Ndiyo maana hazisimamiwi na idara ya uhamiaji bali na ofisi iliyo ndani ya Wizara ya Fedha, OFAC.

Na jiwe hilo lina mapito yake. Kanuni zinataja aina 12 za safari zinazoruhusiwa: kutembelea jamaa, uandishi wa habari, shughuli za dini, utafiti wa kitaaluma, misaada ya kibinadamu, na nyingine, ikiwamo ile wanayoiita kuwasaidia watu wa Kuba, ambayo humtaka msafiri afanye shughuli za kweli na wenyeji. Kwa nyingi kati ya hizo huandiki barua ya kuomba kibali. Ukitimiza masharti ya aina yako, kibali tayari unacho, na unatakiwa kutunza ratiba na risiti zako kwa miaka kadhaa endapo utaulizwa. Kinachokatazwa kabisa ni kwenda kutalii tu, kulala ufukweni na kurudi. Hilo Bunge la Marekani lililikaza kwa sheria mwaka 2000, na rais hawezi kulifungua peke yake.

Hapo ndipo Nassau inapopoteza thamani yake. Kanuni hizi hazikuandikwa juu ya njia, zimeandikwa juu ya mtu. Zinamhusu raia wa Marekani popote alipo duniani, mwenye ukaazi wa kudumu popote alipo, na yeyote aliyeko ndani ya ardhi ya Marekani hata kama pasipoti yake ni ya Kenya au Kongo. Binamu yangu akishuka Nassau, au Grand Cayman, au Montego Bay, anashuka na kanuni zake begani. Kuruka kisiwa kimoja hadi kingine kulikuwa na sababu yake zamani, ndege za ratiba zilipokuwa haziendi moja kwa moja. Zilirejea Agosti 2016. Wengine waliipenda njia ile kwa kuwa kwa miaka mingi maofisa wa Kuba waligonga muhuri kwenye karatasi ya kitalii badala ya kurasa za pasipoti. Lakini kukosa muhuri hakubadilishi ulichofanya. Tena uwanja wa ndege wa Nassau una maofisa wa uhamiaji na forodha wa Marekani palepale ndani. Msafiri anayerejea Marekani hukutana nao kabla hajapanda ndege, akiwa bado kwenye ardhi ya Bahamas. Anakabidhi pasipoti, anaulizwa ametoka wapi, na kumdanganya ofisa yule ni kosa jipya, juu ya lile la chumba alicholipia Havana.

Ukitaka kuona marufuku ya kweli, tazama Korea Kaskazini. Tangu Septemba 2017 pasipoti ya Marekani haikubaliki kwa safari ya huko mpaka upewe idhini maalumu. Pale pasipoti yenyewe ndiyo iliyozuiwa, na kitabu kidogo ndicho kinachokataa kabla hujafika kwenye pesa.

Na Burundi? Juni 2025 Marekani ilitoa orodha ya nchi ambazo raia wake wamesitishiwa visa, nyingine kikamilifu, nyingine kwa sehemu. Burundi na Kuba zilikuwa pamoja kwenye orodha ya sehemu. Hili ni zuio la kuingia Marekani. Halimzuii Mrundi kuuza kahawa, halifungi benki ya Bujumbura, halimkatazi Mmarekani kwenda Gitega. Warundi wanajua vikwazo ni nini kuliko wengi wetu. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, majirani wao, Tanzania na Kenya zikiwamo, walikutana Arusha wakaifungia biashara, wakati Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi. Petroli ilipanda bei, bidhaa zikapita kwa magendo, na vikwazo vile vilisimamishwa Januari 1999 tu. Mwaka 2015 Marekani nayo iliwawekea baadhi ya wakubwa wa huko vikwazo vyake, ikaviondoa Novemba 2021. Ukiyaita haya ya visa kwa jina lilelile, unamwambia mfanyabiashara wa Kigoma kwamba mzigo wake umefungwa tena, na haujafungwa.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayeishi kwao na hana ukaazi wa Marekani, kanuni za OFAC za safari hazimhusu. Aende Kuba akatalii, ila achukue fedha taslimu au kadi isiyo ya benki ya Marekani. Ndugu zetu wenye uraia wa Ulaya wana jambo jingine la kuangalia: aliyefika Kuba tangu 12 Januari 2021 hawezi kuingia Marekani kwa idhini ya mtandaoni ya ESTA, ataomba visa ubalozini. Hilo pia si kikwazo. Ni sharti la visa.

Binamu yangu nilimwambia hivi, taratibu, kwa sababu hakuwa na nia mbaya: dada, usiulize ndege inapitia wapi. Uliza unakwenda kwa sababu ipi kati ya zile 12, na risiti utaziweka wapi. Aliniuliza kama kanisa lao, lenye udugu na kanisa moja la Matanzas huko Kuba, linaweza kuwa sababu. Nikamwambia aanzie hapo, asome masharti ya safari za dini neno kwa neno, kisha akate tiketi ya Miami.