Fomu ya maswali si dalili ya kukatiwa tamaa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: mgonjwa wa saratani ya kongosho akiletewa fomu ya maswali kuhusu maumivu na hofu zake, basi madaktari wameshamkatia tamaa. Si kweli.

Madodoso hayo hutolewa hata kwa anayeendelea na kemotherapi. Moja linalotumika sana lina maswali 30 ya saratani kwa jumla, na nyongeza ya maswali 26 ya kongosho: maumivu ya usiku, tumbo kujaa, ngozi kuwasha, mwili kukonda. Kipimo cha damu hakiwezi kusema mtu amelala vipi. Na majibu yana kazi: anayetaja choo chenye mafuta huenda akapewa vidonge vya vimeng'enya, chakula kikasagika.

Mkanganyiko unaeleweka. Mara nyingi fomu huletwa na watu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na wengi wetu jina hilo hulisikia mgonjwa akiwa hoi, ingawa huduma hiyo huweza kwenda sambamba na matibabu mengine. Ukitaka kuhakiki, isome fomu yenyewe: maswali mengi ni ya wiki iliyopita, si ya siku zilizobaki. Muulize pia muuguzi majibu yatatumikaje.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna mgonjwa atakayeusoma, kisha afiche maumivu yake.