Je, wajua kwanini faiba, ambayo haishiki kutu, inaweza kukatwa na asidi?

Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa plastiki, tunaijua wote, iko kwenye boti, matanki ya maji, bodi za magari, na sifa yake kubwa ni kwamba haishiki kutu. Sasa kuna kitu kiliwaumiza vichwa mainjinia wa umeme kuanzia miaka ya 1980. Kwenye laini za umeme mkubwa insuleta (vile vishikizo vya waya vinavyozuia umeme usipite kwenda kwenye nguzo) zilikuwa za kaure au kioo, zikaja mpya ambazo ndani ni fimbo ya faiba na nje zimevalishwa mpira, mara nyingi wa silikoni, nyepesi kubeba na hata ukizirushia jiwe hazipasuki. Alafu baadhi zikaanza kukatika zikiwa kazini, waya chini, na uzito zilioubeba wala haukufika hata karibu na ule ziliopimiwa kiwandani.

Na zilikatika vibaya, au niseme zilikatika vizuri mno. Fimbo ya faiba ukiivuta kwa nguvu mpaka ishindwe, inachanika ovyo, nyuzi zimetokeza huku na huku. Hizi zilikuwa zimekatika bapa, uso laini kabisa, na mara nyingi ni upande ule wa chini unaoshika waya wenye umeme.

Mchawi alikuwa asidi. Maji yakipenya pale mpira unapokutana na chuma cha mwishoni, na umeme mkubwa ukawa unatoa cheche kidogo kidogo hewani (ule mlio wa ziii unaousikia chini ya laini siku ya unyevu), hewa inazaa ozoni na oksaidi za naitrojeni, zikichanganyika na maji unapata asidi ya naitriki. Haihitaji kuwa nyingi, ni matone tu yanayokaa palepale muda mrefu.

Sasa asidi inafanya nini kwenye kioo, wakati maabara wanahifadhi asidi kwenye chupa za kioo? Hapo ndo utamu ulipo. Kioo cha chupa za maabara na kioo cha nyuzi si kitu kimoja. Nyuzi za kawaida zinatengenezwa na kioo kinachoitwa E, kilichobuniwa miaka ya 1930 kwa ajili ya vifaa vya umeme, na ndani yake silika (kitu kikuu kinachounda kioo) ni zaidi ya nusu kidogo tu, kama asilimia 54, kinachobaki ni kalsiamu, aluminiamu na boroni. Asidi inachomoa kalsiamu na aluminiamu na mahali pake inaingiza haidrojeni, ambayo ni ndogo mno, kwahiyo ngozi ya juu ya uzi inataka kusinyaa ila ya ndani haijasinyaa, matokeo yake juu panapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Na uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, ufa kidogo tu umeisha.

Uzi mmoja ukikatika, ufa unapita kwenye plastiki, asidi inafuata nyuma yake, inakuta uzi wa pili ambao tayari umevutwa na uzito wa waya. Ndo maana mkato unatoka bapa. Asidi peke yake bila mvuto ingechukua muda mrefu sana, na mvuto peke yake fimbo ingeubeba miaka na miaka, vikikutana ndo balaa.

Kuna viwanda vinafanya hivi makusudi btw, wanaloweka kitambaa cha kioo kwenye asidi mpaka ibaki karibu silika tupu, kisha wanakichoma, wanapata kitambaa cha kuhimili moto mkali.

Kwenye insuleta dawa ilikuwa kubadili kioo: kile kisicho na boroni, kinaitwa E-CR, asidi inakila taratibu sana, na pia kuziba vizuri zile ncha. Kwa matanki na mabomba ya asidi, kama yale ya viwanda vya kutolea shaba kwa asidi ya salfa, ujanja ni tofauti kidogo. Ukuta wa ndani unaanza na tabaka lenye resini nyingi (ndo ile plastiki inayoshika nyuzi) na nyuzi chache, mara nyingi resini ya vinailesta, ili asidi isizifikie nyuzi zinazobeba mzigo. Kwa maoni yangu hapo ndo pa kukagua kabla ya kununua, maana tanki linaweza kuwa nene na zito halafu hilo tabaka likawa limepigwa kijuujuu tu, na ufa mdogo wa ndani huuoni ukiwa umesimama nje.

Asidi ya haidrofloriki ni habari nyingine, hiyo inakula mpaka silika yenyewe, kwahiyo hata E-CR haisaidii, tabaka la ndani linawekwa nyuzi za poliesta au kaboni badala ya kioo.