Mfuniko Kubana Si Ushahidi: Tunachotaka Ujue Kabla ya Kuhifadhi Chakula Nyumbani

Msimu wa mavuno unapopamba moto, simu katika kitengo chetu cha usalama wa chakula huwa hazitulii. Safari hii pamoja na maswali yamekuja malalamiko: mifuniko iliyovimba, chupa zilizopasuka, watu waliouziwa mboga za chupa zisizo na lebo, na barua kadhaa za kutulaumu kwamba tunawakatisha tamaa wanaojitahidi chakula kisioze. Nia hiyo hatuna. Anayehifadhi mazao yake anaokoa fedha na jasho lake, na wapo watafiti ambao kazi yao ya kila siku ni kutafuta dakika zinazotosha kwa chupa moja ya karoti. Ombi letu ni kwamba dakika hizo ziheshimiwe.

Hoja inayorudi kuliko zote ni hii: "Nilichemsha saa tatu nzima na mfuniko ukabana wenyewe, sasa tatizo liko wapi?" Liko hapohapo kwenye kubana. Mfuniko uliobana unaonyesha tu kwamba hewa imetoka na haiwezi kurudi. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum anapenda mahali pa namna hiyo, pasipo na oksijeni. Spora zake, yaani mbegu ngumu anazojifichia, zimo kwenye udongo karibu kila mahali, kwa hiyo zimo pia kwenye viazi, vitunguu saumu na chochote kilichogusa ardhi. Mtu mzima mwenye afya akizimeza kwa kawaida haimdhuru. Hatari huanza zinapochipua ndani ya chupa yenye unyevu na asidi kidogo, iliyowekwa kabatini bila ubaridi, zikatoa sumu inayopooza misuli.

Maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayavuki nyuzi 100 hata ukizidisha moto, na spora hizo huhimili joto hilo kwa saa kadhaa. Kipimo kinachotumika viwandani ni nyuzi 121 kwa takriban dakika 3, zikipimwa katikati ya chakula chenyewe, si kwenye maji yaliyokizunguka. Joto hilo hupatikana kwa mvuke ulioshindiliwa kwa presha. Saa tatu za nyuzi 100 hazilingani nalo. Tumelieleza hili mara nyingi na tutalieleza tena.

Asiyeamini atazame yaliyotokea Ohio, Marekani, Aprili 2015. Watu 29 waliugua baada ya mlo wa pamoja kanisani, na mmoja akafariki. Uchunguzi uliishia kwenye saladi ya viazi vilivyohifadhiwa nyumbani kwa kuchemshwa ndani ya maji ya kawaida, bila presha.

Mpaka wa kukumbuka ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi). Chakula chenye asidi nyingi, yaani pH iliyo chini ya hapo, hakiziruhusu spora kuchipua, na maji yanayochemka yanakitosha: matunda mengi, jemu, achari iliyotiwa siki yenye asidi ya asilimia 5. Juu ya mpaka huo kuna nyama, samaki, maharage, mahindi na karibu mboga zote. Hivi ni vya presha, au vya friza. Nyanya zimekaa mpakani na huvuka upande wowote kutegemea aina na kuiva kwake, kwa hiyo kila chupa ya lita moja hutiwa vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau ya dukani, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Tunasema ya dukani kwa sababu ukali wake haubadilikibadiliki. Limau ulilokamua mwenyewe leo silo la kesho. Zikizidi uchachu, ongeza sukari. Limau usilipunguze.

Wengi hudhani muda ulioandikwa kwenye mapishi ni makadirio ya mtu mwoga. Hebu tueleze unavyopatikana. Mtafiti hupitisha waya wa kupimia joto kwenye mfuniko hadi sehemu ya chakula inayochelewa kuliko zote kupata moto. Kwenye chakula kizito sehemu hiyo iko karibu na katikati ya chupa. Kwenye vipande vinavyoelea ndani ya maji huwa chini zaidi, kwa kuwa maji yenyewe yanazunguka na kubeba joto. Chupa kadhaa hupimwa kwa pamoja, jaribio hurudiwa mara kadhaa, na hesabu hufanywa kwa kufuata chupa iliyochelewa zaidi, si wastani. Ukubwa wa chupa, ukubwa wa vipande, nafasi iliyoachwa juu, joto la chakula kilipotiwa, vyote huandikwa kwa sababu vyote vinahesabika.

Ukishaelewa hivyo utaona kwa nini hatukubali "nimeongeza unga kidogo tu ili mchuzi uwe mzito." Unga huzuia joto kupenya, na muda ule haukukokotolewa kwa ajili ya mchuzi wako. Ndiyo maana pia mwongozo wa Idara ya Kilimo ya Marekani, unaosomwa hata nje ya nchi hiyo, unaruhusu boga lililokatwa vipande na unakataa lililopondwa. Chumvi ukitaka punguza, kwani kwenye chupa za presha ipo kwa ajili ya ladha tu. Kwenye mboga za kuchachusha usiiguse: kabichi huhitaji chumvi ya takriban asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake, na humo chumvi ndiyo inayochagua bakteria gani wafanye kazi.

Jambo ambalo mapishi ya mitandaoni karibu yote huliacha ni mwinuko. Kila unapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka karibu nyuzi 1. Anayeishi mita 1,500 juu anachemsha kwa nyuzi 95. Muda wa kuchemsha huongezwa. Kwa sufuria ya presha kinachoongezwa ni presha, muda unabaki uleule. Kabla ya kufunga tundu la mvuke, uache utoke kwa nguvu dakika 10. Hewa ikinaswa ndani, kipimo kitaonyesha presha kamili ilhali joto halijafika. Dakika zikiisha zima moto na uiache ipoe yenyewe. Kuimwagia maji baridi huvunja chupa na hukata joto ambalo watafiti walilihesabu. Zile sufuria ndogo za presha za kupikia maharage ya jioni hazifai kazi hii, kwa kuwa hupata moto na kupoa haraka mno.

Kuoka chupa kwenye oveni, kuipindua chupa ya moto kichwa chini ili "ijifunge," kutia aspirini badala ya siki: hakuna hata moja tunalolitambua. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta hukaa friji, kwa siku chache tu. Nyama ya kukausha ipikwe hadi nyuzi 71 kwanza, maana ikishakauka bakteria huvumilia joto zaidi. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri haiui vijidudu, huwasimamisha tu. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Dalili za sumu hii huanza mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa: kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, kinywa kukauka, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha udhaifu unaoshuka mwilini hadi kwenye misuli ya kupumua. Homa kwa kawaida haipo, na hapo ndipo watu hukawia. Nenda hospitali mara moja na utaje ulichokula, kwani dawa ya kuzuia sumu husimamisha madhara yasiendelee lakini haiponyi misuli iliyokwisha kupooza. Chupa iliyobaki isitupwe. Funga ndani ya mfuko na uwakabidhi wachunguzi.

Kama hakuna aliyeugua na una chupa unayoitilia shaka, usionje. Tunajua wengi huonja "kidogo tu." Sumu hii haina ladha wala harufu ya kutegemewa, na chakula kinaweza kuonekana kizima kabisa. Chupa iliyovimba lakini haijafunguka ifungwe ndani ya mfuko mzito, itupwe mahali wanyama na watoto hawafiki. Iliyofunguka au inayovuja ilazwe ndani ya sufuria pamoja na mfuniko wake, ifunikwe na maji yapite juu yake sentimita 3 hivi, ichemke dakika 30, ipoe, ndipo itupwe. Vaa glavu. Meza na sinki vipakwe mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu 5 za maji, uachwe dakika 30 kabla ya kufuta. Sponji iliyotumika nayo itupwe.

Kwa wanaouza, sheria hutofautiana nchi kwa nchi lakini mwenendo unafanana. Marekani, kanuni zilizoanza 1973 humtaka mtengenezaji wa vyakula vya chupa au kopo vyenye asidi kidogo kusajili kiwanda na kuwasilisha utaratibu wake wa joto na muda kwa kila bidhaa na kila ukubwa wa chombo. Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 178 ya mwaka 2002 inakataza kuweka sokoni chakula kisicho salama, na muuzaji akigundua kasoro anawajibika kukiondoa na kuitaarifu mamlaka. Kwa kawaida mkaguzi akikuta bidhaa isiyosajiliwa huizuia kwanza, huandika orodha, huchukua sampuli. Ikithibitika ni hatari, huteketezwa chini ya usimamizi, mara nyingi kwa gharama ya mwenye mali, na faini au mashtaka hufuata. Kusema "nilimuuzia jirani tu" si utetezi. Hata kugawa bure hakuifanyi chupa kuwa salama, ingawa hilo ni suala la dhamiri zaidi ya sheria.

Wenye sufuria za presha za saa ya mshale, yaani kipimo cha presha chenye mshale kilicho kwenye mfuniko, wazipeleke kupimwa kila mwaka kabla ya msimu. Leteni mfuniko mzima pamoja na mpira wake, si saa peke yake iliyofunguliwa kwa koleo.